Foleni, jua na raundi za mwanzo: safari yangu ya Wimbledon 2025

Nimeshapumzika vya kutosha, sasa niandike. Hii nimeiunga kutoka kwenye noti nilizokuwa naandika kwenye simu nikiwa foleni na kutoka kwenye picha, kwa hiyo kama kuna sehemu nimeruka ujue hapakuwa na jipya. Watu wengi wanadhani mashindano ya tenisi ya Wimbledon, London, ni ya wenye hela na inaanza kunoga kwenye nusu fainali. Mi nasema siku za mwanzo ndo zenyewe, na ntaeleza kwa nini.

Jumapili 29 Juni: Leicester mpaka Wimbledon Park

Tiketi ya basi Leicester hadi Victoria niliikata mapema kwa pauni 14, ukisubiri siku yenyewe inapanda. Njiani kulikuwa na ukarabati wa barabara, tukachelewa karibu saa nzima, hamna la kusimulia hapo. Victoria unashuka chini kwenye treni za District, laini ya kijani, unatafuta iliyoandikwa Wimbledon, ukiikosa unapanda ya kuelekea magharibi mpaka Earl's Court unabadilisha. Kituo cha kushuka ni Southfields, sio Wimbledon, jina linawachanganya wengi. Na wala huna haja ya kukata tiketi, gusa kadi yako ya benki getini ukiingia na ukitoka, hata uzunguke kutwa nzima ndani ya kanda ya 1 mpaka 3, mwaka 2025 walikuwa hawakukati zaidi ya pauni 10.50.

Kutoka Southfields ni mwendo wa kama dakika 15 kwa mguu, na njia huwezi kuipotea maana mbele yako kuna watu wamebeba mahema na mito ya kulalia. Unaingia Wimbledon Park, mabustani makubwa ya majani, msimamizi anakukabidhi kadi ya foleni yenye namba na tarehe. Hiyo kadi itunze sana, huwezi kumpa mtu, huwezi kumshikia mtu nafasi, na ukitoka kwenda chooni au kununua chai usizidi nusu saa.

Hesabu yake iko hivi. Kila siku wanawawekea watu wa foleni tiketi 500 za Centre Court, uwanja mkuu (ukitoa siku nne za mwisho), 500 za uwanja namba 1 na 500 za namba 2. Kwa hiyo aliye ndani ya 1500 ana matumaini ya uwanja mkubwa. Namba yangu ilishavuka hapo, nikajua kabisa mi ni mtu wa tiketi ya viwanja vya nje, pauni 30, na kiukweli ndo niliyoifuata.

Nikaanza kupiga hema, nimelinunua pauni 25, la watu wawili, na hapo kubwa zaidi hawaruhusu. Huku napigilia niko kwenye simu na dada yangu namhadithia, mara nasikia sauti nyuma yangu, "Mwambie umebeba maji ya kutosha, kesho jua litakuwa kali." Nikageuka. Mama wa makamo, kofia pana, kiti cha kukunja, thermos mguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Hilo hema unalifunga kinyume na upepo, hebu ligeuze."

Basi tukaligeuza wote. Ni mtu wa Tanga, nesi wa zamu za usiku kwenye hospitali moja hapo London, na kila mwaka anaomba likizo yake iangukie siku hizi za mwanzo za Wimbledon. Akafungua kikapu, chapati na mayai, akanipa bila kuuliza kama nina njaa. Tukala tumekaa kwenye majani, watu wanacheza karata, watoto wanarusha mpira, na jua la huko kiangazi halizami mpaka karibu saa tatu na nusu usiku.

Akanipa na somo. "Wageni wote wanakimbilia majina," akasema. "Wanakaa gemu tatu hapa, tatu pale, jioni hawana mechi hata moja waliyoiona ikaisha. We chagua uwanja mmoja mdogo, kaa, maliza mechi." Nililishika hilo.

Kwa atakayelala: saa nne usiku muziki na kelele basi, jiko la mkaa marufuku, vyoo vipo na maji ya kunywa yapo bure. Baridi ya alfajiri inauma hata kama mchana ulikuwa wa joto, beba koti.

Jumatatu 30 Juni: siku ya kwanza

Tumeamshwa kama saa kumi na moja alfajiri, wasimamizi wanapita hema kwa hema wanasema habari za asubuhi kwa upole kabisa, kila mtu anafunga vitu vyake. Mahema yanapelekwa sehemu ya kutunzia mizigo, unalipa kidogo, unapewa risiti. Halafu foleni inasogea, inasimama, inasogea, unafika kwenye ukaguzi, unalipa kwa kadi. Begi lako lisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 30, mbele yangu kuna mtu alirudishwa na begi la mgongoni la kusafiria.

Mageti yanafunguliwa saa nne asubuhi, viwanja vya nje vinaanza saa tano, namba 1 saa saba, Centre Court saa saba na nusu. Hiyo saa ya kwanza kabla mechi hazijaanza ni ya kuzunguka. Nyasi siku hiyo ni za kijani kila mahali, zimekatwa milimita 8, mstari wa nyuma bado haujaguswa. Wanaokuja wiki ya pili wanakuta pale wachezaji wanaposimama pameshakuwa vumbi la kahawia. Nilichuchumaa pembeni ya uwanja mmoja, rangi nyeupe ya mstari ilikuwa mbichi kiasi kwamba unaona chembe zake juu ya majani.

Kwenye viwanja hivi vidogo unakaa kwenye benchi mita chache tu kutoka kwa mchezaji. Kwenye tivi huoni jinsi mpira unavyokuja. Sevu (mpira wa kuanzisha pointi) inatoka, unasikia kishindo kama mlango uliobamizwa na upepo, na mpokeaji ameshageuza bega kabla we hujajua mpira umekwenda upande gani. Unasikia viatu vinavyoteleza, unamsikia mtu anajisemea kwa lugha yake.

Na mwaka huu kuna jambo jipya, hakuna waamuzi wa mistari. Tangu mashindano yaanze mwaka 1877 mistari ilikuwa inaangaliwa na watu, mwaka huu ni kamera na sauti iliyorekodiwa ndo inasema mpira umetoka. Mama hakupenda. Anasema wale watu na mavazi yao nadhifu walikuwa sehemu ya uwanja. Mi naona maamuzi yanatoka haraka, ila kwenye uwanja mdogo wenye watu wanaopiga makofi sauti yenyewe wakati mwingine haisikiki vizuri, unaona mchezaji anamwangalia mwamuzi wa kitini kujua kama pointi imekwisha.

Mchana joto likafika nyuzi 32.3, haijawahi kutokea siku ya ufunguzi ya Wimbledon ikawa na joto hilo. Sisi tulishaamua tangu usiku kwamba mechi yetu ni ya Ons Jabeur. Mtunisia huyu alicheza fainali hapa 2022 na 2023, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufika fainali ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi) katika zama hizi za kulipwa, na sasa yuko raundi ya kwanza, hana hata namba kwenye droo (wanazopewa wachezaji bora ili wasikutane mapema), anacheza na Viktoriya Tomova wa Bulgaria.

Aisee, ile mechi iliniumiza. Mwanzoni alikuwa anapiga zile dropu zake, mipira laini ya kudondokea karibu na neti, watu wanacheka kwa raha, halafu katikati ya seti ya kwanza akaanza kushika kichwa. Daktari akaja, akapimwa presha, akatoka nje kama robo saa. Akarudi. Kuna wakati alikaa kwenye kiti akajifunika taulo usoni na mabega yanatikisika, uwanja mzima kimya, mtu mmoja nyuma yetu akaita "Yalla Ons" na wengine wakadakia. Akasimama akacheza mpaka taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), akaipoteza 7-5. Seti ya pili alipofika 0-2 nyuma akaenda kwenye neti kumpa mkono mwenzake. Mama alikuwa ameshika mkono wangu muda wote ule, na alipoachia alisema tu, "Huyu mtoto anaumwa, apumzike."

Ipo sheria ya joto, kipimo chao (sio joto la hewa peke yake, kinachanganya na unyevu na jua) kikifika 30.1 wanaume wanapumzika dakika 10 baada ya seti ya tatu na wanawake baada ya seti ya pili. Lakini kama mwili umekataa kwenye seti ya kwanza sheria hiyo haikufikii.

Tulikimbilia kivuli na stroberi. Kutoka mwaka 2010 bei ilikuwa pauni 2.50, mwaka 2025 wakapandisha hadi 2.70, bado nikaona ni bei nafuu kwa mle ndani, zinatoka Kent na zinakuja na krimu. Vyakula vingine ni ghali. Ruksa kuingia na chakula chako, na chupa unajaza maji bure, kwa hiyo usiache chapati zako kwenye hema.

Jioni kwenye kilima, Henman Hill, tukaangalia Taylor Fritz na Giovanni Mpetshi Perricard kwenye skrini kubwa. Mpetshi Perricard, Mfaransa, mwanzoni mwa mechi alipiga sevu ya maili 153 kwa saa, kama kilomita 246, ya kasi kuliko zote zilizowahi kupigwa Wimbledon, na pointi akaipoteza, Fritz aliurudisha! Watu kilima kizima wakasimama. Fritz alikuwa nyuma seti mbili, akasawazisha, na saa nne na dakika 18 usiku wakasimamisha kwa sababu saa tano usiku ni mwisho kwa mujibu wa makubaliano na halmashauri. Seti ya tano ikalala mpaka kesho.

Nikachukua mzigo wangu, District moja kwa moja hadi Barking kwa binamu. Nilisinzia njia nzima.

Jumanne 1 Julai: vigogo wanaanguka

Treni ya mapema kutoka Barking, nimefika foleni kabla ya saa moja asubuhi, na namba ilikuwa elfu nne na ushee. Hivyo ndo ilivyo usipolala hapo. Nilikaa kwenye jua mpaka mchana. Wazee wawili mume na mke, Waingereza, wa mbele yangu, walikuwa na mwavuli mkubwa, wakausogeza taratibu mpaka nikajikuta nusu yangu iko kivulini, hawakusema neno. Baadaye tukazungumza, huyo mzee anakuja foleni hii tangu kijana. Nilipotaka kuwanunulia kahawa mke wake akasema ninunue kofia kwanza. Nikanunua, na kahawa zao nikaleta.

Kwa anayekuja asubuhi: kabla hujapanda treni angalia taarifa za foleni zinazotolewa na waandaaji, wakisema usije ujue utasubiri mtu atoke ndipo uingie.

Ndani nilikwenda moja kwa moja uwanja namba 18. Ukutani nje kuna kibao cha mechi ya John Isner na Nicolas Mahut ya 2010, saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya mwisho 70-68. Siku hizi haiwezekani tena, ikifika 6-6 kwenye seti ya mwisho ni taibreki ya pointi 10. Nilisimama kwenye foleni ndogo ya mlangoni, wanaingiza watu wanapotoka wengine, na nilipopata kiti sikuinuka. Vijana wawili ambao sikuwahi kusikia majina yao. Hapo ndo nikaelewa Mama anachosema. Mwaka 2025 aliyefungwa raundi ya kwanza aliondoka na pauni 66,000, na kwa mtu aliye nje ya 80 bora duniani hiyo ndo inalipa kocha, ndege na hoteli za miezi kadhaa, akishinda ilikuwa 99,000. Ukijua hivyo, ile pointi ya 30-30 kwenye seti ya nne unaiangalia kwa jicho jingine kabisa. Yule aliyeshinda alipiga magoti kwenye nyasi, halafu akaenda kumkumbatia mama yake kwenye benchi la mbele, hatua tatu tu kutoka uwanjani.

Huku nje kelele zinatoka kila upande. Jessica Pegula, namba 3 kwenye droo, katolewa na Elisabetta Cocciaretto kwa dakika 58. Alexander Zverev, namba 3 kwa wanaume, mechi yake iliyolala jana ikaisha kwa Arthur Rinderknech kumtoa seti tano. Fritz yeye kaponea, kashinda ya tano 6-4. Raundi ya kwanza ilipokwisha, wachezaji 23 waliopewa namba walikuwa nje, wanaume 13 na wanawake 10.

Sasa hii ya tiketi za kurudishwa, sikilizeni vizuri. Watu wa viwanja vikubwa wakitoka mapema, viti vyao vinauzwa tena, mwaka 2025 Centre Court ilikuwa pauni 15, namba 1 na 2 pauni 10, na hela inakwenda kwenye misaada. Unajiunga kwa programu ya Wimbledon kwenye simu ukiwa ndani ya uwanja, unasubiri zamu yako, ukiitwa unakwenda kibanda kilicho juu ya kilima. Beba pawabenki, chaji ikiisha zamu imepotea. Mi niliitwa jioni, uwanja namba 1, pauni 10, nikamkuta Coco Gauff chini ya paa akicheza na Dayana Yastremska.

Gauff alikuwa ametoka kuchukua Roland Garros, mashindano ya Ufaransa ya viwanja vya udongo, wiki chache tu nyuma. Kwenye udongo mpira unampa muda, hapa kwenye nyasi unateleza chini na Yastremska anaupiga bapa, mapema, kabla haujapanda. Double fault 9 alipiga Gauff, yaani kukosea sevu zote mbili na kutoa pointi bure. Taibreki 7-3 ikaenda, halafu seti ya pili 6-1 kama vile mtu amezima taa. Muukraine akaweka mikono kichwani. Nilikuwa namshangilia Gauff lakini nilisimama kumpigia makofi Yastremska mpaka viganja vikauma.

Jumatano 2 Julai: mvua, na mwanafunzi

Mvua. Baada ya siku mbili za kuungua, asubuhi manyunyu, viwanja vya nje vikachelewa. Nilidhani nitachoka kusubiri, kumbe kuwaangalia wale vijana wanavyovuta turubai ni burudani, filimbi moja na uwanja umefunikwa ndani ya muda mfupi sana, kila mtu anajua kona yake.

Mama nilimkuta chini ya kibaraza, ana mwavuli na thermos kama kawaida. Tukamkumbuka Angella Okutoyi, Mkenya aliyechukua taji la wasichana wawili wawili hapa 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, fainali wakatoka nyuma seti moja na kumalizia taibreki 11-9. Mmoja wa waliofungwa siku ile alikuwa Victoria Mboko wa Canada. Mama alifuatilia mechi ile kwenye simu yake akiwa zamu, anasema aliruka kwenye korido wagonjwa wakamuuliza kuna nini.

Mvua ilipokata tukapata mechi ya wanawake kwenye uwanja mdogo, raundi ya pili, tukaimaliza. Nyasi zikiwa na unyevu wachezaji wanakanyaga kwa tahadhari, wanapunguza hatua, na mpira wa kukatwa hauinuki kabisa.

Halafu kilimani, Oliver Tarvet na Carlos Alcaraz. Tarvet wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo San Diego, Muingereza, namba 733 duniani, alifuzu kupitia mchujo na Jumatatu akashinda raundi ya kwanza. Sheria za michezo ya vyuo Marekani wakati ule zilimruhusu kubaki na dola 10,000 tu kwa mwaka ukitoa gharama zake, kwa hiyo zile pauni 99,000 hakuweza kuzichukua zote na kuendelea kuchezea chuo. Alifungwa 6-1, 6-4, 6-4 na bingwa mtetezi, lakini alimpeleka kwenye breki pointi (nafasi ya kumnyang'anya gemu anayosevu) nyingi tu, na kila alipopata moja kilima kilinyanyuka. Nikamuuliza Mama kama ingekuwa mwanae angemshauri achukue hela au arudi chuo. "Arudi amalize," akajibu bila kufikiri, "hela zitamkuta."

Niliondoka Emma Raducanu akiwa anaelekea kummaliza Marketa Vondrousova, bingwa wa 2023, 6-3, 6-3, matokeo niliyapata njiani. Mama alinisindikiza mpaka getini na chapati mbili kwenye foili. Basi la usiku Victoria, Leicester nimefika usiku mkubwa.

Gharama zenyewe: basi kwenda na kurudi pauni 29, tiketi za viwanja vya nje pauni 30 kila siku niliyoingia, namba 1 pauni 10, hema 25, treni hiyo 10.50 kwa siku ukibaki kanda ya 1 mpaka 3 (Barking iko ya 4, inazidi), na stroberi mara kwa mara. Malazi bure kwa sababu ya binamu na bustani. Kama unataka uhakika wa kiti kikubwa bila foleni, kuna bahati nasibu ya umma, fungua akaunti ya myWimbledon mapema maana maombi yanapokelewa miezi mingi kabla ya mashindano.

Hema liko safi, nimelikausha na kulikunja. Anayejipanga kwenda mwakani aseme mapema, namuazima, na namba ya Mama ninayo, ntamuulizia kama atakuwa likizo.